Robocopy: uzoefu wangu wa kunakili mafaili mengi

Kuburuta folda yenye maelfu ya mafaili kwa kipanya ni kujitafutia presha. Waya wa USB ukicheza kidogo, kazi inakatika na hujui kipi kimepita, kipi kimebaki. Kazi kama hizo nampa Robocopy, programu ya kunakili mafaili. Ni ya bure, imo ndani ya Windows tangu Vista, ila haina vitufe: unafungua dirisha la amri na kuandika.

robocopy "D:\Picha" "E:\Nakala" /E /R:2 /W:5 /LOG:E:\ripoti.txt

Njia ya kwanza ni unakotoa, ya pili ni unakopeleka. /E inabeba folda zote za ndani, hata zilizo tupu, na /LOG inaandika ripoti ya kazi. /R (mara za kujaribu tena) na /W (sekunde za kusubiri) usizisahau. Ukiziacha, faili likigoma Robocopy hulijaribu tena hadi mara 1,000,000, na kila mara husubiri sekunde 30. Faili moja tu lililofunguliwa na programu nyingine linakulaza hapo hapo. Sijui nani aliona hiyo ni busara.

Kazi ikikatika, rudia amri ileile; yaliyokwisha kupita yanarukwa kwa kuangalia ukubwa na tarehe. Flashi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili) hukadiria saa kwa sekunde 2, kwa hiyo ongeza /FFT, la sivyo itanakili upya yasiyobadilika. Na FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, utumie programu yoyote ile.

Kasi? /MT:16 hubeba mafaili 16 kwa mpigo. Inasaidia sana kwa vifaili vidogo vidogo kwenye SSD au mtandao wa ofisi. Kwenye diski ya kuzunguka siiweki, maana kichwa cha diski kinahangaika huku na huku. Kwa video kubwa naweka /J, inayonakili moja kwa moja bila kupitia akiba ya muda ya Windows.

Ogopa /MIR. Inafuta kule unakopeleka kila kisichokuwepo unakotoa. Ukigeuza njia hizo mbili, umefuta mwenyewe. Tanguliza /L, inaonyesha tu bila kugusa kitu. Na usimalizie njia kwa mkwaju kabla ya alama ya kufunga, mfano "D:\Picha\": amri inavurugika.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haisomi tena nakala kuhakiki kama iko sawa na ya asili. Picha za harusi au hesabu za ofisi nazipitisha TeraCopy, programu nyingine ya kunakili, nikiwa nimewasha uhakiki. Muda unaongezeka, kwa sababu kila kitu kinasomwa upya, lakini faili lililoharibika linatajwa kwa jina. Kwa Robocopy, fungua ripoti na utazame safu ya FAILED (yaliyoshindikana). Isiposoma 0, usifute kitu kwenye diski ya zamani.