Mifuko ya UTT AMIS niliyoitumia nikiwa mfanyabiashara wa dagaa

Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na pesa yangu inafuata mwezi wa angani. Ukiangaza, taa za wavuvi hazivuti dagaa na soko linapoa. Giza likiingia, magunia yanashuka kutoka visiwani, na mwenye fedha taslimu ndiye anayepewa bei nzuri. Kwa hiyo mfuko wowote wa uwekezaji wa pamoja naupima kwanza hivi: nikiuza vipande leo, yaani sehemu zangu za mfuko, pesa inaingia lini?

Mtaji wangu uko Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hii. Huu haununui hisa. Fedha zinakwenda kwenye amana za benki na hatifungani (mikopo inayolipwa kwa riba), ndiyo maana thamani ya kipande hupanda kidogo kidogo bila kukushtua. Kutoka hakuna makato, na malipo ni ndani ya siku 3 za kazi. Zingatia hilo neno kazi: ukiomba Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Mimi huomba mbalamwezi ikianza kupungua, mzigo ukifika pesa ipo benki. Kwa shughuli hii sijaona kinachoushinda, hata wenzangu wa sangara nimewaambia.

Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, ni habari nyingine ingawa meneja ni yuleyule UTT AMIS. Unachanganya hatifungani na hisa za Soko la Hisa Dar es Salaam, hivyo soko likishuka kipande nacho kinaweza kushuka. Ukitoka unakatwa asilimia 1 na malipo huchukua hadi siku 10 za kazi. Giza lote litaisha unasubiri. Humo nimeweka fedha ya kujenga Buhongwa, ambayo haina haraka.

Mama mdogo, mwalimu mstaafu wa Ukerewe, nilimpeleka Mfuko wa Hatifungani. Anayeanza na shilingi 10,000,000 anaweza kuchagua gawio la kila mwezi. Ukiwa na 5,000,000 unalipwa kila baada ya miezi 6. Yeye anasema ni afadhali kuliko kukimbizana na wapangaji.

Wanaopita mwaloni wakinadi "mfuko" wa faida ya kila wiki siwaweki kwenye ulinganisho huu. Wanawafuata akina mama wanaoanika dagaa, na inaniuma sana. Dada zangu, kabla ya kutoa hata elfu kumi, mwambieni awaonyeshe leseni ya CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.