Wamenikatia Machi ya 1652

Jamani, nina hasira. Nimeagiza almanaka, yaani kitabu cha kalenda, ya Kiingereza ya mwaka 1652, iliyochapwa upya na duka moja la mtandaoni, imenifikia hapa London ikiwa imekatwa pembeni. Na ukurasa ulioumia kuliko yote ni wa Machi! Tarehe 29 mwezi huo jua lilipatwa, Waingereza wakaiita Jumatatu Nyeusi. Ndiyo maana nilitaka mwaka huo na si mwingine. Sasa safu ya saa imeliwa na mashine yao. Imebaki nusu ya tarakimu, hujui kama ni 3, 8 au 9.

Halafu rangi. Nyingi ya almanaka hizi zilipigwa wino mweusi na mwekundu, sikukuu zikiwa nyekundu ili mtu azione upesi. Wachapaji wa zamani waliziuza kwa peni chache tu, na kufikia miaka ya 1660 zilikuwa zikitoka nakala kama 400,000 kwa mwaka, na wekundu waliuweza. Hawa wa leo wamenitolea kijivu kitupu, Pasaka haitofautiani na Jumanne yoyote.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea nilimweleza kwa adabu. Akanijibu kwamba hiyo ni kalenda iliyopitwa na wakati, nani ataitumia? Tena tarehe yenyewe imekosewa, maana kompyuta yake inasema jua lilipatwa 8 Aprili. Imekosewa! Uingereza ilishikilia kalenda ya Julius, ile ya kale, hadi 1752, na mwaka ule wa 1652 ilikuwa nyuma ya kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, kwa siku 10. Tarehe 29 Machi yao ndiyo hiyo 8 Aprili. Wanauza almanaka, hilo hawalijui, na simu akanikatia.

Nilishaamua kuandika: msinunue kabisa. Lakini jana usiku nimeifungua tena, na jedwali la maji kujaa kwenye Daraja la London liko zima, zuri ajabu. Unatazama mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame, unapata saa ya maji kujaa. Kila siku inayofuata unaongeza dakika 48. Mimi nimekulia pwani, bamvu, yale maji makuu, nalijua kwa mwezi, na kuona mwenye mashua wa mto Thames akihesabu hivyohivyo kumenifurahisha mno.

Basi anayetaka jedwali la maji, anunue. Anayetaka Machi, adai picha ya ukurasa kabla ya kulipa. Au hapana, hata huyo wa jedwali asubiri. Mpaka waniletee Machi yangu nzima, wasipewe hata peni.