Saizi nne za matairi kwenye Impreza WRX STI iliyoshushwa: tathmini ya mtumiaji

Gari ninalolizungumzia ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ile ya umbo la GDB yenye giabosi ya gia sita na breki za Brembo, iliyoingia nchini ikiwa imetumika Japani kama ilivyo kwa nyingi tunazoziona Dar es Salaam. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliishusha kwa springi fupi, ikakaa milimita 30 chini ya kimo chake cha kiwandani, nami sikuzirudisha springi za zamani kwa sababu gari linatulia sana kwenye kona na kwenye mwendo wa barabara kuu. Tangu nilinunue, limekwisha kuvaa matairi ya saizi nne tofauti. Nimeona niandike tathmini ya saizi zenyewe kabla ya kugusa chapa, kwa kuwa kwenye gari lililoshushwa saizi isiyofaa huharibu hata tairi zuri kuliko yote dukani.

Kiwandani gari hili lilitoka na 225/45R17, aina ya Bridgestone Potenza RE070, juu ya rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 8 na ofseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari) ya milimita 53. Maana ya namba hizo wengi wanaijua: upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 101, na rimu ni ya inchi 17. Ukichukua kipenyo cha rimu, milimita 432, ukajumlisha ubavu wa juu na wa chini, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 634. Namba hiyo ya 634 haikuandikwa popote kwenye tairi, lakini ndiyo iliyotumika kupanga mshale wa spidi, uwiano wa gia, kazi ya ABS (mfumo unaozuia breki kuyafunga magurudumu) na nafasi iliyoachwa ndani ya madigadi. Ningekuwa nimeifahamu mapema, seti yangu ya kwanza nisingeinunua.

Matairi yaliyokuja na gari yalikuwa vipara, kwa hiyo mwaka 2022 nilikwenda duka moja la matairi jijini kutafuta mengine. Saizi ya kiwandani haikuwapo siku hiyo, na muuzaji akanitolea 225/50R17 akisema, "Bosi, upana ni uleule, rimu ni ileile, kilichoongezeka ni ubavu tu, na kwa barabara zetu ubavu mnene ndio unaotakiwa." Nilimuuliza kama hayatagusa kwa kuwa gari limeshushwa. Akanijibu kwamba tairi kubwa hulinyanyua gari, hivyo nafasi itaongezeka. Nilikubali, kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Tairi la 225/50R17 lina kipenyo cha milimita 657, yaani 22 na ushee zaidi ya lile la kiwandani, na bodi la gari hupanda kutoka ardhini kwa nusu ya tofauti hiyo, milimita 11. Ila sehemu ya juu ya tairi nayo hupanda milimita 11 hizohizo kuelekea madigadi, na madigadi haisogei popote, kwa kuwa umbali wake kutoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, unaamuliwa na springi. Tumbo la gari linapata nafasi, tairi linaipoteza. Kwenye gari ambalo springi fupi zimekwisha kula milimita 30 za nafasi hiyohiyo, milimita 11 nyingine ni nyingi mno.

Nikiwa peke yangu garini sikusikia kitu kwa wiki mbili. Kisha siku moja tulikuwa watu wazima watano, mimi na kaka yangu na wakwe zake, tunaelekea Morogoro, na tulipolivuka tuta la kijiji cha kwanza nyuma kukatoka mkwaruzo mzito wa mpira unaosagwa. Nilisimama kituo cha mafuta kilichofuata, nikainama na tochi ya simu. Juu kabisa ndani ya madigadi palikuwa na mstari mweusi unaong'aa, umepigwa msasa na tairi, wenye upana wa vidole viwili, na chini yake vumbi la mpira lilikuwa limetuama kama masizi kwenye sufuria. Bega la tairi lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kuliwekea kiganja. Nilipokuwa palepale chini nikasoma na namba nne za mwisho za alama ya DOT, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, nikakuta 2318: wiki ya 23 ya mwaka 2018. Nilikuwa nimeuziwa kama mapya matairi yaliyokaa ghalani miaka minne. Duka halikukubali kuyarudisha kwa hoja kwamba yameshafungwa kwenye rimu, na nililichukulia jambo hilo kwa uzito kwa sababu ndani ya gari mlikuwa na familia ya watu.

Mshale wa spidi nao ulikuwa unadanganya. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 3.5, kwa hiyo mshale uliokuwa ukisoma 80 sasa unasoma 80 ileile huku gari likikimbia karibu 83, na kwenye 50 ya vijijini gari linakwenda karibu 52. Ni kweli kwamba kiwandani mishale hupangwa isome juu kidogo ya mwendo halisi, lakini akiba hiyo ni ya usalama wa dereva, si ya kumalizwa na muuza matairi.

Seti ya pili niliinunua pamoja na rimu za inchi 18, upana wa inchi 8.5 na ofseti ya 45, zikiwa zimevaa 225/40R18. Kwa hesabu ya kipenyo hapakuwa na kosa, kwani 225/40R18 ni milimita 637, tofauti ya milimita tatu tu. Shida ilitoka sehemu mbili nyingine. Kwanza ni ofseti: rimu ikiongezeka nusu inchi ya upana, ukingo wake wa nje husogea zaidi ya milimita 6, na ofseti ikishuka kutoka 53 hadi 45 husogea nane nyingine, jumla kama 14. Milimita 14 ukizitazama kwenye rula ni chache, lakini nyuma ya Impreza ndizo zinazotenganisha tairi na ukingo wa chuma wa madigadi. Fundi alinishauri tuukunje ukingo huo kwa kuupasha moto, kazi inayofanyika sana, nikakataa kwa sababu rangi ikipasuka pale kutu huanza ndani usikoiona. Pili ni ubavu, ambao sasa ulikuwa milimita 90 badala ya 101. Baada ya mvua za masika, kwenye shimo lililofunikwa na maji, tairi la mbele kushoto lilipigwa, na kesho yake asubuhi likawa na uvimbe ubavuni wenye ukubwa wa nusu yai. Uvimbe wa namna hiyo maana yake nyuzi za ndani zimekatika na hewa inashikiliwa na ngozi ya mpira peke yake, wala hauzibwi kwa kiraka cha aina yoyote. Rimu nayo ilipinda. Anayeendesha kwenye lami safi pekee anaweza kuridhika na inchi 18. Mimi ninayepita barabara za mitaa kila siku siwezi kuzipendekeza.

Kuna jambo jingine kuhusu saizi hiyo ambalo sikuambiwa. Tairi la kawaida la 225/45R17 huwa na namba ya uzito 91, yaani hubeba kilo 615, wakati 225/40R18 la kawaida ni 88, yaani kilo 560. Kwa matairi manne umepoteza uwezo wa kilo 220 bila kujua, labda ununue lile lililoimarishwa lenye namba 92. Namba hiyo, pamoja na herufi ya mwendo inayoifuata, huandikwa mara baada ya saizi, na ni vizuri kuisoma kwanza kabla ya kuuliza bei. Kwa gari la aina hii sishuki chini ya herufi W, ambayo ni kilomita 270 kwa saa, si kwa nia ya kuufikia mwendo huo, ila kwa sababu herufi ya juu huendana na tairi linalostahimili joto zaidi.

Niliporudi kwenye rimu za kiwandani nilijaribu 235/45R17, saizi ambayo wenye magari haya wengi huisifu. Ni saizi nzuri na rimu ya inchi 8 inaibeba bila shida. Kipenyo chake ni milimita 643, juu kwa asilimia 1.4, na upana unaongezeka kama milimita tano kila upande. Kwenye lami kavu niliona mshiko umeongezeka, hasa gari linapotoka konani huku umekanyaga mafuta. Nikiwa na abiria nyuma, hata hivyo, mkwaruzo ulirudi kwenye matuta marefu, mwepesi lakini wa kweli, na kwenye maji yaliyotuama usukani ulikuwa mwepesi mikononi mapema kuliko nilivyozoea, kwa kuwa tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kando. Kama gari langu lingekuwa kwenye kimo chake cha kiwandani, au limeshushwa milimita 15 tu, ningebaki na saizi hiyo.

Sasa gari limevaa 225/45R17, safari hii Michelin Pilot Sport 4 yenye namba 94Y, yaani kilo 670 kwa kila tairi na mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Ni matairi yenye upande wa nje na wa ndani ulioandikwa ubavuni, kwa hiyo nilisimama na fundi mpaka la nne lilipofungwa. Nimepita nayo masika moja kamili, nimekwenda nayo Iringa na kurudi kwa mzigo, na hakuna lililogusa popote. Usukani unajibu bila kuchelewa, breki za ghafla kwenye lami yenye maji hazinitishi tena, na ubavu wa milimita 101 unameza mashimo ambayo rimu za inchi 18 zilikuwa zinayapeleka moja kwa moja uti wa mgongoni. Kwa gari lililoshushwa kama hili, hii ndiyo saizi ninayoipendekeza bila kusita.

Nawasihi wenye Subaru wasinunue tairi moja moja. Gari hili linaendeshwa na magurudumu yote manne, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi lililolika milimita nne za kashata, yaani meno yake, limepoteza milimita nane za kipenyo, karibu tofauti ileile iliyopo kati ya 225/45 na 235/45. Kwa hesabu ya karatasi, jipya huzunguka mara 502 kila kilomita na lililolika mara 508. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni tofauti ya mizunguko zaidi ya 1,200, ambayo difu inapaswa kuifidia kwa kusuguana na kuchemka hata barabara ikiwa imenyooka. Tairi moja likiharibika na mengine yakiwa yamelika, gharama ya manne ni ndogo kuliko ya difu.

Springi fupi huyalaza magurudumu ndani kwa juu na kubadilisha uelekeo wake, kwa hiyo alaimenti haikwepeki baada ya kufunga matairi mapya, na irudiwe kila yanapobadilishwa. Usiridhike na kuangalia kwa nje. Seti ya 235 niliyoitoa ilikuwa na kashata nzuri kabisa kwa anayesimama kando ya gari, lakini nilipopitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la nyuma nilikuta pamelika hadi kwenye vialama vya milimita 1.6 vinavyoonyesha ukomo wa kulika, kwa sababu gari lilipimwa likiwa tupu na fundi aliharakisha kupokea mteja mwingine.

Kipimo ninachokiamini sasa ni cha chaki, na hakihitaji mashine. Kabla ya kulipa hela yote, omba tairi moja la nyuma lifungwe, lichorwe mistari minene ya chaki kwenye bega kuuzunguka mzingo wote, na plastiki ya ndani ya madigadi ifutwe iwe safi. Pandisha watu wanne, jaza tangi, vuka tuta la mtaani kwa mwendo wa kawaida mara tatu, kisha kunja usukani hadi mwisho kulia na kushoto ukirudi nyuma, na urudie kipimo hichohicho kwa tairi la mbele. Pale dukani nilikonunua seti ya sasa, kijana aliyekuwa akifunga alidhani ninamchezea, akapanda nyuma pamoja na wenzake wawili wakicheka. Tuliporudi akalala chini mwenyewe na tochi, akapitisha kidole juu ya plastiki, akanionyesha: hakikuwa na chaki hata chembe.