Kisanduku angavu cha kuzoeshea samaki: kizuri, ila kagua matundu na sumaku

Ukimtia kangaja (samaki wa baharini mwenye mwiba mkiani) mgeni kwenye tangi la kufugia matumbawe lenye kangaja mwenyeji, tarajia vita: mwenyeji hugeuza ubavu na kuchapa kwa mwiba huo, mkali kama wembe. Kisanduku cha akriliki kinachoning'inizwa ndani ya tangi huwaacha waonane bila kuumizana, na kwa kazi hiyo ni vigumu kupata kifaa rahisi kinachokishinda.

Cha kukagua kwanza ni matundu. Yakiwa machache, au kisanduku kikikaa kwenye kona isiyo na mkondo, maji ya ndani hutuama na mabaki ya chakula huoza. Kiweke karibu na pampu. Chenye urefu wa sentimita 30 kinamfaa samaki wa hadi sentimita 8 hivi. Mkubwa zaidi hujigonga. Mtilie kipande cha bomba la PVC ajifiche, na usisahau kifuniko, maana wapo warukaji.

Siku 3 hadi 7 kwa kawaida hutosha. Lisha pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwenyeji akiacha kuushambulia ukuta, hamisha mawe kadhaa kuvuruga himaya yake, kisha mfungulie mgeni taa zikishazimwa. Ugomvi ukirudi, bandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi. Atahangaika na taswira yake.

Udhaifu mkubwa ni sumaku za bei rahisi zinazokishikilia kisanduku tangini: ganda likipasuka, hupata kutu na kuchafua maji. Chenye kulabu za plastiki ni salama zaidi. Wala kisanduku hakichukui nafasi ya karantini, yaani kumtenga mgeni kwanza kwenye tangi lake: vimelea hupita matunduni bila hodi.