Kamera ya mdomoni na ya njia ya haja kubwa: utegemee nini?

Kwa endoskopi, kipimo cha umio na tumbo la chakula, maandalizi ni kukaa bila kula saa 6 hadi 8. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unalalia ubavu wa kushoto, kisha mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa. Dakika 5 hadi 15, kimekwisha. Utahisi kutaka kutapika, ila pumzi haizibwi. Vuta hewa taratibu kwa pua, mate yaache yatoke.

Kolonoskopi, kipimo cha utumbo mpana kwa kamera ya njia ya haja kubwa, ina kazi kubwa zaidi nyumbani. Siku moja kabla unakunywa vinywaji vyepesi tu na dawa ya kuharisha, nawe utashinda chooni. Tafadhali usiiache nusu: utumbo mchafu huficha vinyama, yaani viuvimbe vinavyoota ndani ya utumbo, na huenda ukarudia yote. Kipimo chenyewe ni dakika 30 hadi 60, mara nyingi kwa dawa ya usingizi. Vinyama vikionekana, mara nyingi hukatwa papo hapo. Kwangu faida hiyo inazidi aibu inayowakimbiza wengi. Gesi ikikujaa, itoe tu, wauguzi wamezoea.

Ukipewa usingizi, uwe na mtu wa kukurudisha. Damu nyingi, homa au maumivu makali baadaye, rudi hospitali haraka.