MinION kwenye maabara ya nguruwe: tuipe nyota nne

Kukuta bakteria Streptococcus suis kooni mwa nguruwe si habari. Nguruwe wengi wasioumwa wanaye. Habari ni kukuta serotaipu 2 (aina inayotambuliwa kwa ganda lake) ya kundi la ST7 (ukoo wa kijeni), lile lililoambukiza watu 215 na kuua 38 huko Sichuan, China, mwaka 2005. Kwa kazi hiyo MinION, kifaa kidogo cha Oxford Nanopore cha kusoma DNA, inalipa.

PCR (kipimo cha kukuza kipande cha DNA) ya cps2J, jeni ya ganda, ni ya haraka, ila haitenganishi serotaipu 2 na ile iitwayo 1/2, maana tofauti iko kwenye herufi moja ya DNA, nafasi ya 483 ya jeni cpsK. ST7 nayo hupishana na ST1 kwenye thrA peke yake, kati ya jeni saba za MLST, mbinu ya kupanga bakteria kwa koo. MinION husoma jenomu (DNA yote ya bakteria) nzima, kama herufi milioni 2.1, ikamaliza ubishi wote kwa mkupuo mmoja.

Ugumu uko kwenye kutoa DNA. Ukuta wa bakteria huyu ni mgumu: mloweke kwanza kwenye lisozaimu (kimeng'enya kinachovunja ukuta huo), nyuzi 37, dakika 30 hadi 60. Pima DNA kwa fluoromita, inayohesabu DNA peke yake, kwani spektrofotomita huhesabu hata RNA, ukadhani unazo nanogramu 200 zinazotakiwa kwa kila sampuli kumbe hata nusu hazifiki.

Katriji, kile kipande kinachochomekwa kwenye MinION na kuwekewa sampuli, hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Ikague kabla ya kuitumia. Mpya yenye vitundu hai (ambamo DNA hupita ikisomwa) chini ya 800 hurudishwa. Ukifungua mlango wa kujazia, vuta maikrolita 20 tu kuondoa kiputo. Ukizidisha, vitundu hukauka. Ukisukuma hewa ndani, hufa papo hapo na havifufuki. Sampuli, maikrolita 75, idondoshwe tone kwa tone.

Nyota moja tunaikata kwa sababu ya mfululizo wa herufi zinazofanana: kifaa huruka moja, na jeni nzima kama sly (ya sumu ya bakteria huyu) ikaonekana mbovu. Tumia katriji za toleo la R10.4.1 na usomaji wa mara 50 kwa kila herufi. Laptopu isiyo na GPU (chipu ya hesabu nyingi kwa haraka) itakuchosha.

Kwa sampuli tatu ni kupoteza pesa. Chuja kwa PCR, kusanya zilizokutwa na cps2J hadi 24, ndipo uwashe. Na kila moja itoke kwenye koloni moja safi (kundi la bakteria waliotokana na mmoja): koo la nguruwe mmoja hubeba serotaipu kadhaa, na ukisoma mchanganyiko utapata ST isiyokuwepo duniani.