Mapambo ya keki ndogo za siku ya kuzaliwa: ya kununua na ya kuacha dukani hapa Lubumbashi

Picha za keki tunazotumiana kwenye simu nyingi zimepigwa katika nyumba zenye baridi, ambako frigo haizimiki. Ukizifuata hivyo hivyo ukiwa Katuba au Kampemba katika mwezi wa kumi, krimu itaanza kuteleza watoto wakiwa bado wanaimba. Ndiyo maana hapa sikupanga mapambo kwa uzuri wa kutazama. Nimeyapanga kwa swali moja: ukiyaweka asubuhi, je, alasiri wageni watakapofika yatakuwa bado yamesimama? Baada ya hapo ndipo nikaangalia bei. Na bahati yetu ni kwamba mapambo yanayovumilia joto la huku ndiyo pia ya bei nafuu.

Hesabu zote ni za keki 24.

Kuhusu keki zenyewe sina mengi. Kama una foru (jiko la kuokea), au umezoea kuoka kwa sufuria na makala juu ya mbabula (jiko la makaa), oka mwenyewe. Jaza vikaratasi hadi theluthi mbili tu ili keki isifurike. Kama huna nafasi, mwambie mama anayeoka mtaani kwako, au mtu wa bulanjeri, akuuzie keki tupu, bila kitu juu. Omba hivyo waziwazi siku moja kabla. Ukinunua zilizopambwa tayari unalipia kazi ambayo watoto wako wangeifanya kwa furaha. Iwe umeoka au umenunua, keki ipoe kabisa kabla hujaigusa. Keki vuguvugu huyeyusha kila kinachowekwa juu yake, hata kama ni cha bei kubwa.

Nafasi ya kwanza: sukari ya unga na maji ya ndimu

Hiki ndicho ningekinunua karibu mwezi wowote, na kwa mtu yeyote mwenye pesa kidogo. Chukua gramu 250 za sukari ya unga na vijiko vitatu vya mezani vya maji ya ndimu. Koroga mpaka upate uji mzito unaodondoka polepole kutoka kwenye kijiko. Kila keki itapata tabaka jembamba la kutosha kuifunika kichwa. Hakuna mafuta ndani yake, kwa hiyo hakuna cha kuyeyuka. Katika hewa kavu ya kabla ya mvua hukauka juu ndani ya saa moja na kubaki ngumu kidogo, ikikatika vizuri kwenye meno. Ndimu inapunguza ule utamu mkali unaowachosha watu wazima, na mimi naona hiyo ni sababu tosha ya kutotumia maji matupu.

Mimina maji ya ndimu kwa kijiko kimoja kimoja. Kikizidi kijiko kimoja tu, uji unakuwa supu na utalazimika kuongeza sukari ambayo hukuipangia. Ukitaka ya kakao, ondoa vijiko vitatu vya sukari, weka vitatu vya kakao isiyo na sukari, uichekeche vizuri, kisha tumia maji au maziwa badala ya ndimu. Kwa watoto wanaopenda chokoleti hii inatosha kabisa. Chokoleti halisi ya kuyeyusha ni ghali, na huanza kulainika kabla ya kufikia joto la mwili wa mtu, kwa hiyo katika mwezi wa kumi ni shida tupu.

Sukari ya unga hupatikana katika maduka makubwa ya katikati ya mji, na sehemu kubwa ya vitu vya namna hiyo huingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini, kwa hiyo bei hupanda na kushuka pamoja na dola. Ikikushinda, saga sukari ya kawaida kavu kwenye mashine ya kusagia matunda, kikombe kimoja kwa kijiko kimoja cha chai cha maizena, kisha chekecha kwa kichujio chenye matundu madogo. Isage kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inahitaji. Chembe zikibaki zitasikika kwenye ulimi.

Juu yake weka karanga. Nenda soko la Kenya au la Rwashi, nunua kipimo kidogo, zikaange, zimenye, kisha zitwange kidogo tu ili zisiwe unga. Zinyunyize dakika chache baada ya kumwaga uji, wakati bado unanata. Mapambo haya ya kahawia juu ya nyeupe ni mazuri kweli, yana ladha, na hayatoki nchi ya mbali. Ila waulize wazazi kwanza kama kuna mtoto ambaye karanga zinamdhuru, na kwa watoto wadogo usiweke punje nzima, kwa sababu inaweza kumkaba mtu. Badala ya karanga unaweza kuponda biskuti, au bomboni ngumu za rangi rangi ndani ya kitambaa. Zile chembe za rangi zinazouzwa kwenye vichupa vidogo ni sawa pia. Chupa moja inatosha keki zote 24 na kubaki. Zingojee kidogo uji uanze kushika, la sivyo rangi zake zitavuja na kuchafua weupe.

Nafasi ya pili: povu la ute wa mayai

Watu wachache hulifikiria, nami nalipenda sana. Mayai manne na kikombe kimoja cha sukari ya kawaida, basi, hakuna kingine cha kununua. Viini vinaingia kwenye keki au kwenye kimanda cha asubuhi. Weka ute na sukari katika bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, bila bakuli kugusa maji. Koroga bila kuacha mpaka sukari yote iyeyuke na mchanganyiko uwe wa moto kiasi kwamba kidole hakivumilii. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ndiyo inayofanya mayai yawe salama kwa watoto. Kisha toa motoni upige kwa mashine mpaka povu lisimame wima na bakuli liwe limepoa.

Linakaa juu ya keki kama wingu, refu na linalong'aa, na halina mafuta ya kuyeyushwa na jua. Kwa gharama ya mayai manne unapata keki zinazoonekana za dukani. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, bila mashine ya kupigia mkono utachoka vibaya, na umeme ukikatika katikati utabaki na maji matamu. Kama mtaa wenu hauna ratiba ya kuaminika, rudi nafasi ya kwanza. Pili, mvua zikishaanza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, hewa yenye unyevu hulifanya linate na kutoa maji chini. Lipake siku hiyo hiyo ya sherehe. Na bakuli lisiwe na hata tone la mafuta wala kiini, la sivyo povu halitasimama kamwe.

Nafasi ya tatu: krimu ya margarini

Katika mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa imeshika mji, ningeiweka ya kwanza bila kusita. Gramu 250 za margarini kwa gramu 500 za sukari ya unga zinatosha keki 24 ukipaka kwa kisu. Ukitaka kuzungusha mlima kwa mfuko uliokatwa ncha, kiasi hicho hicho kitaishia kwenye keki 13 au 15. Hapo ndipo bajeti za watu wengi hupasukia. Paka kwa mgongo wa kijiko, zungusha mkono mara moja, utapata wimbi zuri.

Soma kopo kabla ya kulipa. Margarini ngumu yenye mafuta asilimia 80 inashika. Ile laini ya kupaka kwenye mkate mara nyingi ina maji mengi zaidi, na krimu yake hulegea, tena usiilaumu sukari. Siagi ya kweli ina ladha bora, lakini bei yake haifai kwa bajeti hii na joto la mwezi wa kumi linaishinda.

Nafasi ya nne: krimu shantiyi ya unga

Kipakiti chake ni kidogo na picha yake inavutia. Lakini inataka maziwa baridi sana, mashine, na frigo ya kuihifadhi mpaka dakika ya mwisho. Mwenye vyote vitatu ainunue. Wengine waache.

Nafasi ya tano: sukari ya kufinyanga na sanamu za wahusika wa katuni

Hapa sitamung'unya maneno. Kwa pesa ya seti moja ya sanamu hizo unapata sukari, karanga, mayai na mishumaa, na chenji inabaki. Watoto huzilamba mara moja kisha huziacha kwenye sahani. Kama mwenye sherehe anampenda mhusika fulani kwa moyo wote, chora picha, kata karatasi, gundisha kwenye kijiti cha meno chenye ncha iliyokatwa, uchomeke kwenye keki yake peke yake.

Rangi

Ukinunua, nunua rangi nzito ya jeli au ya unga kuliko ya maji, maana tone moja linatosha na haliongezi maji kwenye uji. Moja tu, nyekundu, kwa kuwa ukiitumia kidogo inatoa waridi. Lakini kabla ya kununua, chemsha gao la maua makavu ya bisapu (rozela) katika nusu kikombe cha maji mpaka yawe meusi, yachuje, uyatumie badala ya sehemu ya ndimu. Rangi hiyo hupenda uchachu, ndiyo maana ndani ya ndimu hubaki nyekundu safi. Maji ya betravu (kiazi chekundu) yanafaa vilevile, ukitumia machache ili ladha ya udongo isijitokeze.

Mijakaranda ikichanua mjini mtu hushawishika kuokota ua la zambarau aliweke juu ya keki. Usifanye hivyo. Maua ya barabarani yana vumbi na moshi wa magari, na mengine ya bustani, kama yale yenye utomvu mweupe, huwasha mdomo. Vumbi la kumetameta la kazi za mikono nalo si chakula, hata likiuzwa rafu moja na mishumaa.

Keki zinapobebwa kwa teksi au basi, zipange zikiwa zimebanana katika sufuria pana yenye kifuniko kirefu, ziwekwe miguuni mahali penye kivuli, na karanga zibaki kwenye kifuko chake mpaka mfike ikiwa umepaka margarini, kwa sababu krimu ikilainika njiani unaweza kuilainisha tena kwa kisu kabla ya kuzinyunyiza.